Nani Mwenye Ziwa? Kura ya Ufuoni na Watu wa Nchi ya Chai

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati wa Kericho na Bomet)



Najua kwamba baadhi yenu mlipolisoma tangazo mlangoni mwa kanisa mlitazamana. Samaki? Hapa kwetu, penye baridi na majani chai, mtu aje atuhubirie habari za nyavu na mitumbwi? Tumezoea kukutana kuzungumzia katiba, ardhi, bei ya majani mabichi na ile bonasi isiyolingana na jasho. Naomba mnivumilie. Jambo nililoitwa kulieleza ni lile lile tulilolipigania tangu siku za kudai vyama vingi: nani ana haki ya kutunga amri, nani wa kuisimamia, na aliyepewa madaraka atawajibika kwa nani. Tofauti ni kwamba leo tutalitazama likiwa ndani ya mtumbwi.

Mimi nimezaliwa upande wa Bomet, si mbali na mto Kipsonoi. Nyumbani kwetu samaki hakuwa chakula cha wazee. Babu yangu alimhesabu kuwa ndugu wa nyoka, na hakuketi mahali alipopikwa. Lakini mama alikuwa akishuka hadi soko la Sondu akiwa na mboga na maziwa, akirudi na gorogoro ya omena, nasi watoto tulikula nje ya nyumba babu asione. Omena ile aliipata kwa mama mmoja wa Nyakach aliyemwekea akiba hata siku ambazo fedha hazikutosha. Mwaka 1992 vita vya kikabila vilipofika Sondu, njia hiyo ikafungwa. Yule mama hatukumwona tena kwa muda mrefu. Waliochochea vita vile walikuwa na sababu zao za uchaguzi. Mama zetu hawakuwa na ugomvi wowote, walikuwa na deni la omena tu.

Basi nianzie mtoni. Kipsonoi, Itare, Kiptiget na Chemosit ni mito ya kwetu. Inatoka Mau, inapita kati ya mashamba ya chai, kisha inakusanyika na kuwa mto Sondu, ambao huko chini huitwa Miriu, na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam. Mto Nyando nao huchota sehemu ya maji yake upande wa Londiani. Kwa hiyo mvuvi wa Nyakach hutumia maji ambayo sisi tumekwisha kuyatumia. Zamani hata samaki wenyewe walitutembelea. Ningu, ambaye huishi ziwani, hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga mayai penye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Watu wa mtoni waliujua msimu wake na walimtega kwa vikapu na vizuio vya miti. Nyavu za viwandani zilipotandazwa kwenye midomo ya mito, zikawanasa ningu wakiwa njiani kwenda kuzaa, na kabla ya nchi kupata uhuru uvuvi huo ulikuwa umekwisha kuporomoka. Ukimuua mama kabla hajajifungua, usimlaumu mtoto kwa kutokuja.

Yaliyowapata ningu yaliwapata pia ngege. Nyavu za makila zililetwa ziwani mwaka 1905. Kufikia miaka ya 1920 malalamiko yalikuwa mengi hata serikali ya kikoloni ikamtuma mtaalamu, Michael Graham, aliyepima ziwa mwaka 1927 na 1928. Alishauri mambo mawili tunayopaswa kuyakumbuka. La kwanza, macho ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5. La pili, alionya juu ya hatari kubwa ya kuleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine. Amri ya inchi 5 iliwekwa, ikavunjwa kila mahali kwa kuwa askari wa kuisimamia walikuwa wachache na mvuvi hakuiona kuwa yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ikalegezwa. Onyo la pili halikusikizwa kabisa. Miaka ile ile ya 1950 na 1960 mbuta akapandikizwa. Walioamua hivyo hawakuomba kura ya mvuvi yeyote.

Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amejaa ziwa zima. Wale fulu wadogo, waliokuwa wa mamia ya aina zisizopatikana mahali pengine duniani, wengi wao wakatoweka. Sitawadanganya kwamba mbuta alikuwa hasara tupu. Alileta viwanda, barafu, malori na fedha za kigeni. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukabakiwa na mgongo wazi. Mnaujua mgongo wazi: kichwa, mifupa na mkia, vikikaangwa kando ya barabara. Soko la Ulaya lilipofungwa mara kwa mara kati ya 1997 na 2000, mara kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, mara kwa habari za watu kuvua kwa sumu, mvuvi ndiye aliyelala njaa, ingawa hakuwahi kuketi katika kikao chochote kilichoamua mambo hayo. Wakati huo huo gugu maji lilikuwa limeziba Ghuba ya Winam, mitumbwi ikakwama ufuoni.

Wenye elimu walikuwa na maelezo yao. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali isiyo ya mtu mmoja huangamia, kwa kuwa kila mtumiaji hujikatia kipande chake kabla mwenzake hajakimaliza. Wakubwa wengi waliyapenda maneno hayo, maana yalitoa njia mbili tu: ama serikali ishike kila kitu, ama tajiri auziwe. Mwanamke wa huko huko Marekani, Elinor Ostrom, alitumia miaka mingi kuchunguza wavuvi, wachungaji na wenye mifereji katika nchi mbalimbali. Alionyesha kwamba watu wa kawaida huweza kutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi, mradi wajue mipaka yao, watunge kanuni wenyewe, wachague wa kuwachunga na waadhibiane kwa kadiri ya kosa. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Bibi yangu angemsikia angeuliza kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo, kwani malisho ya ukoo yalikuwa na kanuni kabla ya mzungu kufika Kericho.

Sasa tuje kwenye kura. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mwaka 1994 mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Kutokana na ushirikiano huo vilizaliwa vitengo vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU. Kenya ilivipa nguvu ya kisheria kwa kanuni za mwaka 2007, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 ikavihifadhi. Upande wetu wa ziwa una vitengo zaidi ya 200.

Kitengo ni nini? Si kamati tu. Ni mkutano mkuu wa kila mtu aliyeandikishwa ufuoni ambaye riziki yake hutoka kwenye samaki: mwenye mtumbwi, baharia anayevuta nyavu usiku, mama anayenunua na kuanika, fundi wa mitumbwi, mshonaji wa nyavu. Mkutano huo ndio unaochagua kamati. Miongozo iliyokubaliwa na nchi tatu mwaka 2005 iligawa viti hivi: wenye mitumbwi asilimia 30, mabaharia asilimia 30, wachuuzi wa samaki asilimia 10, na asilimia 30 kwa kazi nyingine za ufuoni. Tena ikataka wanawake wasipungue watatu panapowezekana.

Naomba tusimame hapo kidogo. Wakulima wadogo wa chai mnajua ubishi wa miaka mingi kuhusu uchaguzi wa wakurugenzi wa kiwanda, kama kura ihesabiwe kwa hisa au kwa kichwa. Huko ziwani baharia asiye na ubao hata mmoja wa mtumbwi ana viti sawa na tajiri mwenye mitumbwi kumi. Ni jambo kubwa hilo. Kwa upande mwingine, ukitazama wachuuzi, ambao wengi wao ni wanawake, unaona kwamba waliokuwa wengi sana ufuoni walipewa asilimia 10. Aliyepanga hesabu hiyo alikuwa akitazama majini, akawapa mgongo walio nchi kavu.

Kazi ya kitengo ni kuandika mitumbwi na wavuvi, kupima na kuandika samaki wanaoshushwa, kulinda mazalio, kusafisha ufuo, kutatua magomvi na kushirikiana na maofisa kuzuia zana haramu. Kanuni zenyewe mvuvi huzijua kwa moyo: wavu wa mbuta na ngege usiwe na macho chini ya inchi 5, kokoro lisikokotwe, mbuta awe kati ya sentimita 50 na 85, ili mtoto aachwe akue na mama mkubwa aachwe azae. Omena hupumzishwa kuanzia Aprili hadi Julai. Miezi minne si mchezo kwa mama anayeuza gorogoro moja moja. Lakini pale ambapo mkutano umekaa, ukabishana na kukubali, watu huona aibu kuivunja kanuni hiyo. Pale ilipotangazwa na ofisa aliyeshuka garini, nyavu hutoka usiku.

Je, imefaulu? Mtu akija kwenu na habari njema tupu mchunguze mfukoni. Niliwahi kukaa wiki kadhaa katika ufuo mmoja ambao sitautaja. Kamati ilikuwa imechaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma ya wagombea, machana kweupe, mwenye mitumbwi akiwa amesimama anatazama ni baharia wake yupi amesimama wapi. Niliposimuliwa hivyo nilicheka kwa uchungu. Mlolongo! Ule ule uliotuibia uteuzi mwaka 1988, na ambao makanisa yaliukemea hadharani, ulikuwa umehamia ufuoni na kuitwa ushirikishaji wa jamii. Mwenyekiti aliyepatikana ndiye aliyekuwa na makokoro mawili. Siku ya doria yeye ndiye aliyepewa habari kwanza, na doria ilikuta ufuo mweupe kama sahani. Mama mmoja, mjumbe wa kamati, aliniambia kwamba huitwa mkutanoni kupika chai, na vitabu vya fedha hajawahi kuviona.

Kuna na jambo ambalo kanisani tunapenda kulipita kimya. Huko linaitwa jaboya. Mwanamke asiye na mtumbwi hupata samaki kwa kuwa na mvuvi wake, na malipo si fedha peke yake. Samaki wakipungua, bei hiyo hupanda. Tumewahubiria akina mama hao juu ya dhambi, na tumewazika kwa ukimwi. Ni mara chache tumeuliza kwa nini mtumbwi uwe wa mwanamume daima. Huko Nduru, Nyakach, wanawake waliungana wakapata mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri mabaharia, na ghafla mazungumzo ya alfajiri ufuoni yakabadilika. Haikuwa rahisi: mitumbwi huoza, na mwaka 2020 ziwa lilipofurika liliwafukuza watu wa fuo nyingi majumbani mwao. Lakini walionyesha kwamba jaboya ni suala la umiliki kabla halijawa suala la maadili.

Sasa nitaje jambo linalowasumbua wote wanaotetea utawala wa wananchi, nami likiwemo kichwani mwangu usiku mwingi. Nchini Uganda, mwaka 2015, Rais Museveni alisimamisha vitengo hivi uchaguzi mkuu ukiwa umekaribia. Kuanzia 2017 jeshi likapewa kazi ya kulinda ziwa. Askari walichoma nyavu na mitumbwi midogo. Watu walipigwa, na malalamiko yakafika bungeni. Wakati huo huo wengi walikiri kwamba mbuta wakubwa walionekana tena na viwanda vilivyokuwa vimelala vikafufuka. Tufanyeje na habari hiyo? Wako watakaosema: mnaona, fimbo inafaa kuliko kura. Tulisikia maneno hayo hayo hapa Kenya katika miaka ya 1980, kwamba mwananchi bado hajakomaa.

Jibu langu si la kishujaa. Nakubali kwamba fimbo inaweza kurudisha samaki kwa muda. Lakini tuulize samaki hao ni wa nani. Mtumbwi uliochomwa ulikuwa mdogo, wa maskini, uliohesabiwa kuwa haufai. Aliyebaki majini ni mwenye mtaji wa kununua mkubwa. Tena askari haandiki anachokiona ili akisome mbele ya mkutano, wala hauwezi mkutano kumwondoa. Naye akiondoka, au akianza kushiriki mavuno, hakuna aliyejifunza kulinda. Hata hivyo siwezi kusimama mbele yenu nikasema kwamba kura bila ulinzi inatosha. Ufuo ule wa makokoro mawili ulikuwa na kura, tena na muhuri.

Kwa hiyo nilikwenda kutazama mahali palipokubaliwa na wengi kuwa pamefanikiwa, huko pwani, Kuruwitu katika Kilifi. Wavuvi wa pale waliona matumbawe yao yamekufa na samaki wamekwisha. Mwaka 2005 walikubaliana kutenga sehemu ya bahari, kama hekta 30, isivuliwe kabisa. Wanaiita tengefu, neno zuri la Kiswahili. Wazee wengine waliwaona wendawazimu: utafungaje mlango wa ghala lako mwenyewe ukiwa na njaa? Miaka ikapita, samaki wakazaana ndani wakatoka nje ya mpaka, na mwaka 2017 jumuiya ile ikapata Tuzo ya Equator. Mimi lililonigusa si tuzo. Wazo lilitoka kwao, mpaka wanaujua kwa macho, na wanaofaidika ndio waliovumilia. Bila shaka hekta 30 karibu na ufuo si sawa na ziwa la kilomita za mraba 68,800 lenye nchi tatu, ambamo fungu la Kenya ni asilimia 6 tu. Mbuta haombi pasi ya kusafiria.

Nirudi nyumbani, maana saa inanikimbilia. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya uvuvi, na watu wa Kericho na Bomet wakadhani sehemu hiyo haiwahusu, isipokuwa yale mabwawa. Mnayakumbuka mabwawa ya mpango wa serikali wa 2009, mabwawa 200 kwa kila eneo la bunge lililochaguliwa? Kuna yanayotoa ngege hadi leo, na kuna yaliyobaki kuwa makao ya vyura, kwa kuwa shimo lilichimbwa kabla ya mwenye shimo kuulizwa kama anataka samaki.

Kinachotuhusu zaidi ni maji yanayoshuka. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 22,000 katika msitu wa Mau Kusini Magharibi. Msitu ulipofyekwa udongo ulianza safari, na mwisho wa safari ni mazalio ya ngege katika ghuba. Chai iliyofunga vizuri huushika udongo. Tusiibebeshe lawama isiyo yake. Lakini mahindi yaliyolimwa mpaka ukingoni mwa mto, mikaratusi iliyopandwa kandokando ya vijito kwa ajili ya kuni, na mbolea inayooshwa na mvua za Aprili, hayo ni yetu. Gugu maji hunenepa kwa mbolea tuliyoinunua kwa mkopo.

Sheria ya Maji ya 2002 ilituruhusu kuunda vyama vya watumiaji wa maji, na Sheria ya Misitu ya 2005 vyama vya jamii vya misitu. Hivyo ndivyo vitengo vyetu vya ufuo, ila sisi tuko kwenye chanzo. Nimeuliza hapa na pale: katika chama cha mto wetu nani alipiga kura? Wengi hawakujua kwamba kipo. Waliojua walitaja majina matatu, na yote matatu ni ya watu wenye pampu za kuvuta maji. Hakuna mwanamke, hakuna mchuma chai wa kambini, wala hakuna hata mtu mmoja wa Sondu chini aliyewahi kualikwa kusikiliza.

Watu wa chini wamesema wako tayari kuja wakialikwa. Mama mmoja mchuuzi niliyezungumza naye sokoni aliniuliza kama huku juu bado tunawaogopa watu wa ziwa. Nikamwambia kwamba babu yangu ndiye aliyewaogopa samaki. Akacheka, akasema basi siku ya mkutano ataleta omena, na atataka kujua tunafanya nini na ule mto kabla haujamfikia.

Mkutano mkuu wa chama cha mto unaweza kuitishwa na wanachama wenyewe wakiandika barua na kutia sahihi za kutosha. Barua nimeiandika. Inaomba mambo manne: rejista isomwe hadharani, uchaguzi uwe wa kura ya siri, viti vya wanawake na vya wachuma chai vitengwe kwa idadi, na wajumbe wa fuo za mdomo wa Sondu waalikwe kusikilizwa. Iko juu ya meza pale karibu na mlango, pamoja na kalamu mbili na kidau cha wino kwa wanaotia dole gumba.